Kicheko Kina Wenyewe

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyeshona peke yake barazani kwake miaka mingi. Kila akienda sokoni alipita mbele ya karakana ya kushonea sare za shule, na kila akipita aliwasikia mafundi wa mle ndani wakicheka. Ndugu zangu, mnaijua ile hamu? Si ya mshahara. Ni hamu ya kuwa na mtu wa kumwambia, "Hebu tazama huu mshono."

Akaomba kazi, akapata. Siku ya kwanza alivaa gauni lake la sikukuu.

Akapewa cherehani inayokata uzi. Kila cherehani ya mle ilikuwa na ukorofi wake, na wenyeji waliujua. Akamuuliza jirani yake, "Dada, hii naifanyaje?"

Yule dada hata mguu hakuuondoa kwenye pedeli. "Utaizoea tu. Sisi sote tulianza hivyo hivyo."

Mchana wakakaa kuzunguka sinia la ugali na dagaa. "Karibu, mama," wakasema wote, tena kwa adabu. Lakini hakuna aliyesogea. Mtu mzima utajipenyeza wapi? Akajibu, "Ahsanteni, nimeshiba," naye tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Kabla mwezi haujaisha, akaacha kuja.

Mle ndani wakasema nini? Mnajua, maana hata sisi tungesema: "Kazi imemshinda. Hana uvumilivu."

Mwenye karakana akamfuata nyumbani. Akamkuta barazani anashona, mikono inakwenda, mshono umenyooka. Akashangaa kweli. "Mama, kumbe kazi unaiweza. Mbona umetuacha?"

Yule mama akasimamisha cherehani. "Kushona ninako hapa hapa, bosi. Kwenu nilifuata kile kicheko. Nilipoingia, nikakuta kina wenyewe." Akakata uzi kwa meno. "Na bado nakitamani. Ndiyo maana siku hizi sokoni naenda kwa njia ya nyuma."

Sasa sisi. Tunaimba vizuri hapa kanisani, tunasikika mpaka barabarani, na wapo walioingia kwa ajili ya sauti hiyo. Wageni tuliwasimamisha, tukawapigia makofi, tukawaambia karibuni, kisha tukaketi pale pale tulipozoea kuketi. Leo wako wapi? Tumeshasema imani yao ilikuwa changa. Nani kati yetu aliwafungulia kitabu cha nyimbo? Nani aliwauliza wanaishi mtaa gani? Mungu hatatuuliza kama tulisema karibu. Hilo tunalisema kila Jumapili.

Kuna mtu amesimama pale mlangoni sasa hivi. Msigeuke kumkodolea macho. Sogeeni.