Bi Mpangaji na Ngozi ya Kiboko

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na jua.

Jua la kiasi gani?

La kuivisha yai mchangani kabla kuku hajanyanyuka.

Basi sogeeni kivulini, leo kipo cha kutosha. Siku ninazozisimulia hakikutosha.

Hapo kale, kwenye ufuko mmoja mweupe, palikuwa na mti mmoja tu, mkungu, na chini ya mkungu huo waliishi kaa wa magamba. Mnawajua: wale wanaotembea na gamba la konokono aliyekufa, krr, krr, krr, kama mtu anayehama kila siku na hafiki. Gamba lile si pambo. Kaa hawa mbele wana magando na ukali wote, lakini nyuma, astaghfirullahi, wako uchi. Ngozi ya huko ni laini kama utando wa kitunguu. Jua likiipata kwa muda wa kupepeta ungo mmoja wa mchele, msiba.

Mkubwa wao alikuwa mjane, akiitwa Bi Mpangaji. Mwaka ule gamba lilimbana. Wifi yake alisema amenenepa kwa umbea, mwenyewe alisema ni hewa ya bahari. Kwa vyovyote, alilala amejikunja, akaamka amejikunja, na pumzi ilitoka nusu. Kaa aliyebanwa asipohama, hufa ndani ya nyumba yake.

Nyumba mpya alikuwa ameshaiona. Konokono mzee alifariki akaacha gamba pana, mlango wa rangi ya waridi, pale pale kivulini. Bi Mpangaji akihamia lile, wifi angechukua la kwake, jirani angechukua la wifi, mpaka kaa wa mwisho. Mtaa mzima ulikuwa umebanwa ukimsubiri yeye.

Asubuhi ya kuhama, ardhi ikatikisika. Gubu, gubu, gubu. Akatokea Kiboko.

Kiboko huyu hakuwa mweusi, wala maji ya kunde. Alikuwa mweupe wa kiazi kitamu kilichomenywa, hana unyoya, hana nywele, mikunjo tupu. "Nimekuja pwani kupumzika," akasema, na hakuna aliyemuuliza. Akajibwaga chini ya mkungu, bwaa. Kivuli kikaisha. Lile gamba likazama mchangani chini ya tumbo lake.

Kungu, matunda ya mti ule, zilipoanguka, alizila kabla hazijagusa chini. Kaa mmoja akaenda kumwomba asogee kidogo. Kiboko akasogea, lakini akasogea upande wa kaa. Hakuzikwa, maana hapakuwa na cha kuzika.

"Wifi," akasema wifi mtu, "unahama lini?"

"Subiri."

"Mimi nasubiri. Makalio yangu ndiyo hayasubiri."

Bi Mpangaji akajikokota, krr, krr, krr, mpaka mbele ya pua ya Kiboko, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Niko huku chini. Nimepita tu kuitazama ngozi. Ngozi hii baba, nani anaitunza?"

Kiboko akafumbua jicho moja. Hapendi watu, lakini sifa anapenda. "Naitunza mwenyewe. Nakaa kivulini."

"Kivulini tu?"

"Kivulini tu."

"Haya," akasema Bi Mpangaji, akashusha pumzi. "Mungu mkubwa." Akageuka kwenda zake.

"Wewe. Una maana gani?"

"Sina maana. Mimi maskini wa gamba la marehemu, nitajua nini mambo ya ngozi za wakubwa?"

"Sema, nisije nikasogea tena."

"Basi nitasema. Ngozi kama hii haichezewi. Inapakwa. Kuna tope zuri kule kwenye mikoko. Jipake pote, na ukitoka baharini jipake upya, maana maji hayamwachi mtu na kitu."

Kiboko akaenda mikokoni, gubu, gubu, gubu. Akarudi amepakwa.

"Na nyuma ya masikio?"

"Nimesahau."

"Ngozi kama hii haichezewi."

Akaenda tena, gubu, gubu, gubu. Akarudi. Joto likamshika, akaingia baharini, chubwi. Akatoka mweupe.

"Ngozi kama hii..."

"Najua," akasema Kiboko, akaenda tena. Siku ile alikwenda mara sita. Kila alipoondoka, Bi Mpangaji alichimba, na kila aliporudi, gamba lilizama zaidi ya mwanzo. Kulichimbua ilikuwa kazi ya siku nzima, na kulipima kazi ya siku nyingine. Alihitaji Kiboko aondoke moja kwa moja.

Siku ya pili akamkuta anahema.

"Bwana Kiboko, kofia iko wapi?"

"Kofia ya nini, nami nina kivuli?"

"Kivuli kinahama na jua, baba. Pua yako iko nje tangu saa nne."

Kiboko akatazama pua yake kwa macho mawili. Kweli. Akavaa pakacha kichwani na makuti mgongoni. Kungu ikaanguka upande wa kushoto, hakuiona. Ikaanguka upande wa kulia, hakuiona. Kaa wakala kungu kwa mara ya kwanza tangu mgeni aje.

"Na kutembea?" akauliza kutoka ndani ya pakacha.

"Kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri. Hapo katikati jua halina adabu."

Siku ya tatu palikucha na mawingu. Kiboko akatupa pakacha, akatupa makuti, akalala katikati ya ufuko, tumbo juu.

"Leo hakuna jua," akasema.

"Jua lipo," akasema Bi Mpangaji. "Jua la mawinguni ni kama mke mwenza anayekuchekea. Utamjua jioni."

"Nyie wa pwani mna maneno mengi."

Bi Mpangaji akanyamaza. Kuna siku kunyamaza kunafanya kazi kuliko maneno, na yeye, pamoja na mdomo wake wote, alizijua siku hizo.

Jioni Kiboko alikuwa mwekundu kama kungu mbivu. Upepo ukimgusa, anaguna. Nzi akimtulia, anatoa machozi. Usiku kucha aliguna, mmh, mmh, mmh, na kaa wote waliusikia mguno ule kama ngoma ya harusi.

Siku ya nne alikuwa kivulini, amejipaka, amevaa, hajatoa hata ukucha nje.

"Bi Mpangaji," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mtu kwa jina, "sasa nimefanya yote."

"Umefanya, baba. La juu umelikinga. La chini je?"

"La chini lipi?"

"Tazama mchanga."

Kiboko akatazama. Mchanga ulikuwa mweupe, unawaka, unamrudishia jua machoni. Akatazama bahari, nayo inamrudishia jua.

"Linatoka chini?"

"Pwani jua halishuki tu. Linashuka, linagonga, linarudi. Mti umeota juu, haukuota chini."

Kiboko akainua mguu mmoja, akautua. Akainua wa pili, akautua. Ndipo jasho likamtoka. Jasho la kiboko ni jekundu, kila aliyekaa kando ya mto anajua, ila Kiboko mwenyewe hajui, maana mtoni huoshwa kabla hajaliona. Akaona matone mekundu yanashuka mguuni, to, to, to.

"Nakufa," akasema.

"Bado," akasema Bi Mpangaji. "Kwenu mtoni maji yana rangi gani?"

"Ya tope."

"Tope. Na kina kipo?"

"Kipo. Nikizama hubaki pua na masikio."

"Mchanga unaowaka upo?"

"Haupo."

Bi Mpangaji akatikisa gando. "Bwana Kiboko, wewe umetoka kwa mganga ukafuata ugonjwa."

Kiboko akafikiri, na haikuwa kazi ndogo kwake. Saa kumi alasiri ilipopita, akainuka.

"Bi Mpangaji, umeniokoa. Nikuachie nini?"

"Niachie hicho hicho kivuli. Mimi ngozi yangu si kitu."

Akaondoka, gubu, gubu, gubu, pakacha kichwani. Na mpaka leo Kiboko hushinda majini, pua na masikio nje, na hula majani giza likiingia. Mkimwuliza, atawaambia ni daktari wa pwani aliyemshauri.

Kaa wakachimba hadi kesho yake jioni. Bi Mpangaji akalipima gamba, akalinusa, akaingiza gando mpaka ndani.

"Geukeni," akawaambia.

Wote wakageuka. Wifi akageuka nusu.

Akatoka kwenye gamba la zamani, nyup, akaingia kwenye jipya, nyup. Wifi akaingia lile la zamani, nyup, jirani akaingia la wifi, nyup, mpaka kaa wa mwisho. Mtaa mzima ukavuta pumzi kwa pamoja.

Kesho yake wifi alikuwa ameshautangazia ufuko. "Nimeiona ngozi ya wifi yangu," alisema. "Kiboko alikuwa anajisumbua bure. Nyeupe, laini, haina doa. Haijaona jua tangu azaliwe."

Funzo la hadithi hii, wajukuu, ni kwamba wahenga hawakukosea: njia ya mwongo ni fupi. Ya Bi Mpangaji ilikuwa shibiri moja, kutoka gamba hadi gamba. Msiige tabia yake. Na mgeni akija pwani, mpeni kivuli chote, mumpe na ushauri.

Hadithi imefika mlangoni, nayo imeingia ndani. Aliyebaki nje avae kofia.