Fundo Kavu

Mdharau mwiba mguu huota tende. Wahenga walikuwa na maana kwamba jambo dogo likipuuzwa huzaa balaa kubwa. Machibya wa Ilemela aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Masikio alikuwa nayo pia, ila aliyafanya pambo.

Siku hiyo wazee wa Misungwi walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Selina. Kwa kiburi chake, Machibya alikuwa amewatangazia kwamba watakula sangara atakayemvua kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi mkewe Evelina, aliyezaliwa na kulelewa na mvuvi, alimfuata mwambani kando ya ziwa akamkuta anafunga ndoana kwenye mshipi.

"Baba Selina, lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Ukilivuta kavu, mshipi unaungua kwa msuguano na kukosa nguvu."

"Mate?" Machibya alifoka. "Mimi nimeokoka! Kutemea kamba mate waachie waganga."

"Uganga uko wapi hapo? Basi lichovye ziwani, maji si hayo miguuni pako!"

"Nenda kasonge ugali, mama. Uvuvi niachie mimi."

Akalivuta fundo likiwa kavu, kwa hasira, mpaka likatoa mlio. Evelina aliondoka kwa ghadhabu.

Saa nne sangara alinasa. Aliruka juu ya maji, mkubwa ajabu, na wanawake waliokuwa wakifua wakapiga vigelegele. Machibya akavuta kwa nguvu zote. Pap! Mshipi ukakatika, samaki akaenda zake na ndoana mdomoni.

Alipofika nyumbani, wageni walikuwa wamekwishaketi.

"Mwamba umenikatia mshipi," alijitetea.

Evelina alimpokonya mshipi akautazama. Ncha ilikuwa imejikunja kama mkia wa nguruwe.

"Mwamba gani? Mwamba huchubua mshipi; ncha ikijikunja hivi, umekatikia kwenye fundo! Umeuunguza mwenyewe, sasa unayasingizia mawe!"

Wageni walisikia kila neno. Ugali ukaletwa kwa mchicha. Mzee Chenge, kiongozi wa wageni, hakunawa.

"Machibya, umetuahidi sangara ukatupa mchicha. Ukituahidi binti, utatupa nini?"

Wakainuka, wakaondoka na posa yao. Selina alisimama mlangoni, machozi yakimtoka.

"Mate tu, baba! Mate tu yamekushinda?"

Kinywa cha Machibya kilikauka kama lile fundo. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.