Mlima wa Ukutani

Mtu mmoja alikuwa na dirisha. Alikuwa na vitu vingine pia, gari, kitambi, simu mbili, lakini hivyo siku hizi ni vya kila mtu. Dirisha ndilo lililokuwa lake peke yake duniani, na ndilo alilolitupa.

Dirisha lenyewe lilikuwa katika nyumba ya mama yake, juu kabisa katika milima ya Upare, mahali ambapo barabara inachoka na kuwaacha watu waendelee wenyewe. Mama huyo aliitwa Naetwe. Ukikaa kwenye kigoda chake na kusukuma zile mbao mbili, mlima wote ulikuingilia chumbani bila hodi: msitu mweusi na ukungu umeufunika mabegani, maporomoko membamba kama uzi mweupe, matuta ya tangawizi yanashuka ngazi kwa ngazi, na katikati ya yote hayo, bwawa la kijiji. Mababu walilichimba kwa jembe la mkono. Lilikusanya maji ya vijito, na mfereji mmoja ukayateremsha hadi kwenye kila shamba la bondeni. Hakuna aliyetozwa kiingilio kuyatazama. Labda kosa ndipo lilipoanzia. Watu wangewekewa kamba na mlinzi mwenye filimbi, wangepiga foleni kuja kuyaona.

Sikilizeni desturi yao, maana kisa chote kimening'inia hapo. Mzee Mashambo ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga mlango wa bwawa. Lakini Mashambo aliishi bondeni, na kutoka kwake bwawa halionekani, limefichwa na kilima. Kinachoonekana ni dirisha la Naetwe. Kwa hiyo tangu siku Naetwe alipoletwa pale bibi harusi, kazi iligawanywa hivi: bwawa likijaa, yeye ananing'iniza kanga nyekundu dirishani. Mashambo akiiona, anapanda kwa njia ya miguu inayopita uani mwa Naetwe, anafungua, maji yanashuka, watu wanakula. Na baragumu la msaragambo likilia, ile siku ya wote kuzibua mfereji na kukandika kingo, kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Nyumba ya Naetwe haikudaiwa jembe. Ilitoa macho.

"Mimi nalima nimekaa," aliwatania wapitao, akiwapa togwa kupitia dirisha hilohilo.

"Basi lima taratibu, bibi, usije ukatoka jasho!"

Mwanawe aliitwa Eliakunda. Alipokuwa na miaka saba alishikwa na homa iliyomgeuza macho juu. Mvua ilikuwa inanyesha, gari hakuna. Wanaume wanne walifunga machela ya miti, wakambeba kutwa nzima kuteremka mlima, na katika kila kitongoji walichopita walitoka wengine kuwapokea. Hakuna aliyeuliza huyu ni mtoto wa nani, wa dhehebu gani, amemkosea nani. Mashambo alishika upande wa mbele toka mwanzo na akakataa kupokewa. Mti ukamchuna bega, na kovu lipo hadi leo, kubwa kama kiganja. Mtoto akapona. Akasomeshwa kwa tangawizi ya pale, iliyonyweshwa na mfereji wa pale. Akashuka mjini, akapata kila kitu isipokuwa kumbukumbu.

Akarudi baada ya miaka kumi na minne, na lori la matofali nyuma yake.

Alisimama uani, mgongo ameupa mlima. Hilo nataka mlione vizuri: mgongo. Akasema pale pamekaa kishamba. "Watu wanapita uani kama stendi! Wanamchungulia mama yangu dirishani kama nyani wa maonyesho!" Akajenga ukuta kuzunguka kiwanja, ukaikata ile njia vipande viwili, ukaja kuungana na nyumba yenyewe kwa nyuma. Kisha akalijaza dirisha tofali, akapiga plasta, akapaka rangi ya krimu. Na pale lilipokuwa dirisha akatundika picha aliyoinunua mjini, pana kama kitanda, ina fremu ya kung'aa na taa yake ndogo juu. Picha ya nini? Ya mlima!

Chekeni, mimi pia nilicheka mwanzo. Mlima wa nchi za watu, wenye theluji, na ziwa la buluu, na bata wawili weupe. Mtu ameziba mlima kwa tofali ili apate mahali pa kutundika mlima.

"Haya mama, sasa una mandhari."

Naetwe akaitazama picha kwa muda mrefu. "Hawa bata ni wa nani?"

"Wa Ulaya, mama."

"Na watu wao wako wapi?"

Eliakunda akacheka hadi akajifuta machozi. Alidhani mama yake amefanya utani.

Mashambo alipanda kwenda kumwona, amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. "Mwanetu, lile dirisha lilikuwa jicho letu."

"Mzee wangu, dunia imekwenda mbele. Fungeni kamera."

"Na njia?"

"Zungukeni korongoni. Mazoezi yatawafaa, mnazeeka vibaya."

Mashambo akashukuru kwa chai, akavaa kofia, akashuka. Huyo naye namkasirikia! Alikuwa na bega la kumwonyesha yule mtu, angefungua vifungo viwili tu vya shati. Hakufungua. Wenzake nao wakasema huyu ni mtoto wetu, ataelewa. Wakapeana zamu: kila siku mmoja avuke korongo, aruke mawe, apande kwenda kulichungulia bwawa. Hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyoanza kuizunguka jeuri ya mtu mmoja, tena kwa adabu.

Masika ikaja. Mvua ilinyesha siku mbili bila kupumua. Siku ya tatu zamu ilikuwa ya Nakijwa, mjane aliyekaa ng'ambo ya korongo. Mchana, alipofika ukingoni, mawe hayakuonekana tena, ni maji mekundu tu yanabingirisha magogo. Akasimama pale, akapiga kelele hadi sauti ikakatika. Mvua ilikula kelele zote.

Naetwe alikuwa chumbani na mwanawe, mbele ya bata. Alikuwa amelisikiliza bwawa lile miaka arobaini na sita. Alilijua kama unavyokijua kikohozi cha mumeo. Akasimama.

"Limejaa. Nipe kanga yangu, mwanangu, nitoke nje."

"Mama, kaa chini. Kuna mvua. Tazama picha."

Ukingo wa bwawa ukakatika saa ile. Maji yalikuja na udongo wake na miti yake, yakapita juu ya tangawizi ya watu, mashamba matatu, yakaacha mwamba mtupu. Yakalifikia lango la Eliakunda kutoka upande wa juu na kuling'oa kama kifuniko cha sufuria. Yakaingia uani. Sasa yatoke wapi? Ukuta wa upande wa chini ulikuwa madhubuti, fundi hakuiba saruji hata kiganja. Ua ukageuka bwawa. Eliakunda akakimbilia mlango wa chumba. Ulifungukia nje, na nje maji yalikuwa yameuegemea kwa uzito wote. Akasukuma kwa bega. Bega lake lilikuwa laini, halikuwahi kubeba mtu. Maji yakapenya chini ya mlango, yakafika magotini, yakafika kiunoni. Akampandisha mama yake juu ya kitanda, naye akapanda, na kitanda kikaanza kucheza.

Chumba kile kilikuwa na njia nyingine ya kutokea. Mnajua ilipokuwa.

Bondeni Mashambo aliona mfereji unashuka umejaa matope, akajua. Akapuliza baragumu. Wakatoka na majembe yao kama siku ya msaragambo, na wa kwanza kufika walikuwa wenye yale mashamba matatu, watu ambao asubuhi walikuwa na tangawizi. Wakazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha njia kilichobaki nje ya ukuta. Mbele yao palikuwa na plasta safi, ya krimu, haina hata ufa. Sauti ya Eliakunda ilitoka ndani, nyembamba kama ya yule mtoto wa miaka saba.

"Tupige wapi?" Mashambo akauliza.

"Dirishani! Mzee, pigeni dirishani!"

"Dirisha gani, Eliakunda? Hapa naona ukuta."

Nasikia wapo walioona vibaya mzee yule kuuliza hivyo, maji yakiwa yanapanda. Mimi sioni vibaya. Lilikuwa swali la miezi saba, tangu dirisha lizibwe, na lisingejibiwa siku nyingine yoyote.

Ndani kitanda kikagonga ukuta. Kisha: "Lilipokuwa dirisha la mama! Mlipokuwa mnapewa togwa!"

Wakapiga. Plasta ikaanguka, matofali yakaanguka, picha ikang'oka na fremu yake ikadumbukia majini, na wale bata, kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, wakaogelea. Tobo likapanuka. Mlima ukaingia chumbani, umelowa, umechafuka, una matope hadi mabegani, na uso wa Mashambo katikati yake. Wakampokea Naetwe kwanza, mkono kwa mkono, taratibu, kama walivyokuwa wakipokea kibuyu cha togwa. Kisha wakamtoa mwanawe. Shati la Mashambo lilikuwa limechanika kwa kazi ile, na Eliakunda alipotoka kichwa kwanza alikishikilia kitu cha karibu kabisa, nalo lilikuwa bega lililo wazi. Kiganja chake kikakaa juu ya kovu, sawasawa, kama limekatwa kwa kipimo chake.

Ningependa kuishia hapo. Ningeishia hapo, mngetoka mkifuta macho na kusema kisa kizuri, na mngekwenda kula vizuri. Lakini hakikuishia hapo.

Ilikuwa Alhamisi. Jumapili Eliakunda alisimama mbele ya watu kanisani, koti jipya, akashukuru. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru fundi kwa nyumba imara iliyohimili mafuriko. Aliwashukuru marafiki wa mjini waliompigia simu za pole. Akakaa. Mashambo alikuwa benchi la tatu, mkono umefungwa kitambaa shingoni.

Jumatatu lori likapanda tena na matofali. Fundi akasimama mbele ya tobo, chaki nyuma ya sikio, akauliza, "Hapa bosi, tuweke dirisha?" Kupitia tobo lile walionekana watu hamsini na kitu wanakandika kingo za bwawa upya, wanaimba, wanatukanana kwa mapenzi, na makande yanachemka kwenye sufuria moja kubwa. Eliakunda aliwatazama. Sitaki mseme hakuona. Aliona, akatazama mpaka simu moja ikaita.

"Ziba," akasema, akapokea simu.

Mama yake hakurudi ndani ya nyumba ile. Alichukua kigoda chake na kanga zake, akahamia kwa Nakijwa, mjane wa ng'ambo. Kutoka pale bwawa halionekani, lakini linasikika, na yeye hahitaji zaidi. Kidirisha cha Nakijwa ni kidogo na kutoka bondeni hakionekani vizuri, kwa hiyo bibi yule siku hizi ananing'iniza kanga mbili. Wapitao wanamtania kwamba amepandishwa cheo.

Na Eliakunda yupo, mzima, analala vizuri. Ameagiza picha nyingine, kubwa kuliko ile. Anasema hii haina bata, ina meli.

Sasa nawauliza ninyi mliokaa hapa, mliovaa vizuri, mnaocheka vizuri, ambao hakuna hata mmoja wenu aliyeshuka mlima wake kwa miguu yake mwenyewe: bega lililochunika kwa ajili yako ni la nani, na mara ya mwisho ulilisalimu lini?