Jezi ya Kwanza ya Lusweti

Kaeni mnavyotaka, bora mnisikie. Hii si hadithi ya kumbembelezea mtu usingizi. Nimeisimulia kwa kinyozi, nikaisimulia tena kwenye foleni ya kusaga mahindi, na mara zote mbili watu waliachana wamenuniana. Mimi mwenyewe imeninyima utulivu tangu mwezi wa tatu. Kwa hiyo sikilizeni hadi mwisho, na atakayedhani amepata jibu katikati auume ulimi wake kidogo.

Palikuwa na wavulana watatu katika shule moja ya bweni upande wa Kitale, wakati ule ambapo mechi ya raga ya shule za upili ilijaza watu kuliko mkutano wa siasa. Hawakuwa wale wanaokimbia na mpira na kupigiwa makofi. Walikuwa wanene wa mbele, wale wanaoinama, wakashikana mabega na kusukumana vichwa kwa vichwa na wanene wenzao katika kile kinachoitwa skramu. Ukiwa jukwaani unaona matope na makalio tu. Kazi yao haina picha gazetini.

Wa kulia aliitwa Khaoya, naye alijaliwa nguvu. Akiegemea mlango wa bweni, mlango ulitoka na fremu yake. Wa katikati aliitwa Ekisa, Mteso kwa kabila, mwenye shingo fupi, naye alijaliwa jicho. Alijua skramu itaangukia upande gani kabla haijaanguka, akawaonya wenzake kwa kukohoa. Wa kushoto aliitwa Mukanda, naye alijaliwa uvumilivu. Siku moja alicheza kipindi kizima kidole kimevunjika, na hakumwambia mtu mpaka alipomaliza kula.

Mwaka huo refa mmoja mstaafu, Mzee Nabwera, alizunguka shule zote za magharibi akiwapanga wanene hao kwa ubora. Alikuwa na njia yake. Aliwapima kwa mizani ya magunia ya mahindi, kisha akawaambia wasukume trela ya miwa, naye akahesabu hatua kwa sauti. Orodha ilipotoka gazetini, namba moja alikuwa Khaoya, namba mbili Ekisa, namba tatu Mukanda. Watatu bora, mstari mmoja, shule moja. Mji ulishikwa na wazimu. Ikasemwa kwamba baada ya miaka mitano wote watatu watakuwa timu ya taifa, na aliyebisha aliulizwa kwao ni wapi.

Shuleni hapo kulikuwa pia na mchezaji wa akiba wa kidato cha pili, jina lake Lusweti. Huyo, Mzee Nabwera hakumpandisha hata kwenye mizani.

Miaka kumi na mitatu ikapita. Nani akavaa jezi ya taifa? Lusweti. Peke yake.

Watu wetu hupenda kuuliza wale watatu wa orodha waliishia wapi, na huuliza kwa ile sauti ya kuulizia shamba lililouzwa. Inaniudhi sana. Hawakuishia popote. Wapo, wanafanya kazi, wana watoto. Na Lusweti asingefika alipofika kama angemkosa hata mmoja wao, kama mtakavyoona.

Khaoya alichukuliwa na klabu moja ya Nairobi hata kabla matokeo ya mtihani hayajatoka. Msimu wa pili, katika mazoezi ya kawaida tu, skramu ilimwangukia shingoni. Daktari alimwambia kwamba akiingia skramu moja zaidi atalishwa kwa kijiko maisha yake yote. Alikuwa na miaka ishirini. Akarudi nyumbani, akaanza kazi ya kuhamisha vitu vizito: mashine za kusaga, jenereta, makabati ya chuma. Hadi leo shingo yake haigeuki. Ukimwita kwa nyuma, anageuka mzima mzima.

Lusweti alimwendea huyo. Wakati huo alichezea timu ndogo ya mjini, na kila Jumamosi alisukumwa nyuma mpaka watu wakamzoea hivyo. Khaoya akamwambia wakutane alfajiri kwenye uwanja wa matrela. Walikutana hapo kila siku ya kazi kwa miaka mitatu. Kwa kuwa hakuweza kuinama, Khaoya alilala chali chini, kando ya gurudumu, akitazama miguu na kidevu cha Lusweti anaposukuma trela. Alisema maneno machache: kisigino, kidevu, pumua. Katikati ya miaka hiyo alipata kazi ya usimamizi Eldoret, yenye nyumba, akaikataa kwa sababu miguu ya Lusweti haijakaa sawa. Mkewe alimpikia mwezi mzima bila kumsemesha. Lusweti mwenyewe anakiri kwamba hajui kitu chochote cha skramu ambacho hakikutoka kwa Khaoya akiwa amelala pale chini.

Ekisa hakucheza tena baada ya shule. Alipita vizuri, baba yake akampeleka chuo cha utabibu, na leo anatibu watu katika zahanati ya serikali. Jumamosi alijitolea kuwa tabibu wa ile timu ya mjini, maana bila saini yake mchezaji haruhusiwi kuingia uwanjani.

Lusweti akawa moto. Klabu kubwa zikaanza kutuma watu kumtazama. Ndipo Ekisa akaona jambo ambalo wengine hawakuliona: kijana alianza kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Akamhoji, akambana, ikajulikana kwamba mkono wa kulia unakufa ganzi. Akampeleka kupigwa picha ya shingo, na picha ilipotoka akakataa kutia saini kwa msimu mzima. Lusweti aliomba, kisha akatukana. Alimwambia mbele ya timu yote kwamba yeye aliikimbia raga na sasa anataka kila mtu aikimbie. Viongozi wakampa Ekisa uchaguzi, asaini au aende. Akaenda, lakini hakuna tabibu mwingine aliyethubutu kusaini juu ya ile picha, hivyo Lusweti akakaa nje msimu mzima na mkono ukapona. Kwa miezi kumi na minne yeye na Lusweti walipishana sokoni kama watu wasiojuana. Baadaye daktari bingwa alisema kwamba mwezi mmoja tu wa kucheza ungeua ule mkono kabisa. Habari hiyo Ekisa aliletewa na watu wengine. Alisema sawa, akamwita mgonjwa anayefuata.

Sasa Mukanda. Huyu hakuvunjika, wala hakwenda chuo. Alikuwa mzimamoto wa kaunti, na kwa miaka yote hiyo alicheza, klabu hadi klabu, mnene yule yule wa mbele. Mara tatu aliitwa kambi ya timu ya taifa, na mara tatu alirudishwa siku ya mwisho. Alipoitwa mara ya nne alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kila mtu, hata yeye, alijua hakuna ya tano. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu ya mnene wa mbele. Waliokuwa wakiigombea ni wawili, yeye na Lusweti.

Kocha akawaweka timu tofauti ili wakabiliane uso kwa uso. Skramu ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikaanguka. Ya tatu pia. Kila mara Lusweti ndiye aliyeonekana kifua kimegusa nyasi, na kwa kuwa kuiangusha ni kosa, kila mara refa alimpigia yeye filimbi. Kocha akachukua kalamu na kulikata jina lake. Wala simlaumu. Aliye nje hana namna ya kujua. Mle ndani mashavu yamebanana, na ni vichwa viwili tu vinavyojua nani anasukuma na nani anajiangusha ili asionekane akisukumwa.

Mukanda alisimama, akajifuta matope, akamwendea kocha. Waliokuwa karibu walimsikia vizuri.

"Kocha, usimwandikie huyu makosa. Anayeiangusha ni mimi. Ananirudisha nyuma, na mimi naona haya kurudishwa nyuma mbele ya watu, ndiyo maana najilaza."

Kocha alimwuliza kama anajua anachokisema. Mukanda alisema anajua. Akachukua begi lake, akaenda stendi kabla orodha haijasomwa.

Basi Lusweti akacheza mechi yake ya kwanza ya taifa. Jezi namba tatu, na skramu haikurudi nyuma hata hatua moja. Baada ya mechi nahodha alimweka kando na kumweleza desturi ya kikosi. Jezi ya kwanza si yako. Haifuliwi. Unampelekea mtu mmoja, yule ambaye bila yeye usingeivaa, na kabla ya mechi ya pili unasimama mbele ya wenzako na kulitaja jina lake. Asiye na jina la kutaja havai viatu siku hiyo.

Mechi ya pili ilikuwa baada ya wiki tatu.

Kwanza alimpelekea mama yake, kama ambavyo ninyi nyote mlikuwa mnataka kuniambia. Mama akainusa, akamrudishia. Alisema yeye alizaa mtoto, hakuzaa mnene wa mbele, na kwamba anajua vizuri nani alifanya kazi hiyo. Lusweti akaiweka kwenye mfuko wa karatasi na kuanza kutembea nayo. Aliipeleka kwa Khaoya, akamkuta amekwisha kugonga msumari ukutani, sebuleni, mahali pa kuonekana tangu mlangoni. Akanywa chai na kuondoka na mfuko wake. Akampigia simu Ekisa, Ekisa akamwambia asijisumbue, jezi ni kitambaa tu. Dakika mbili baadaye Ekisa akapiga yeye mwenyewe, akauliza kama jina limeandikwa mgongoni au hapana. Lusweti akamtembelea Mukanda kazini. Mukanda aliutazama ule mfuko, kisha akauliza habari za mvua. Siku zikaenda hivyo. Usiku Lusweti aliamka mara kwa mara kuufungua ule mfuko. Mwishowe mkewe akamwomba alale chumba cha watoto.

Alhamisi ya wiki ya mwisho aliwaita wote watatu nyumbani kwa Khaoya, mchana. Kulikuwa na kuku na ugali, na hakuna aliyekula kama kawaida yake. Lusweti akaitoa jezi na kuitandaza mezani, matope yake yote yamekauka juu yake. Akasema ameshindwa. Akaomba kila mmoja aseme kama anaitaka, na aseme ukweli, asimwonee mtu haya.

Mke wa Khaoya, ambaye ni mtu wa vitendo, alileta makasi. Wanaume wanne walimtazama mpaka akayarudisha jikoni.

Khaoya ndiye aliyeanza. "Tangu nivunjike shingo sijawahi kumwomba mtu kitu. Hiki nakiomba."

Ekisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ninyi wawili mlimpa alichokitaka. Mimi nilimpa alichokikataa, akanichukia kwa sababu yake. Nataka jina langu litajwe mahali ambapo watu wanasikia, kama lilivyotukanwa mahali ambapo watu walisikia."

Mukanda aliisogeza sahani yake kando. Kisha akaweka kiganja juu ya ile namba tatu.

"Ningenyamaza dakika moja tu, hii ingekuwa yangu," alisema. "Sijutii, mdogo wangu. Ila nikiiona, naitaka."

Lusweti akatoka nje. Aliizunguka nyumba mara mbili, mikono kichwani. Gari la kwenda Nairobi lingeondoka saa kumi, na Jumamosi alitakiwa kusimama mbele ya wenzake na kutaja jina moja. Aliporudi ndani aliwakuta hawajasogea. Namba moja, namba mbili na namba tatu wa Mzee Nabwera, kilo zaidi ya mia tatu na hamsini kwa jumla, wameketi kama watoto wanaosubiri kuitwa majina. Akainyanyua jezi.

Nakomea hapo, na msinivute shati.

Maana najua mlivyo. Kuna atakayesema Khaoya, kwa kuwa bila yeye kijana angesukumwa nyuma mpaka leo. Lakini miguu hiyo aliyofunzwa ingefaa nini mkono ukiwa umekufa? Kuna atakayesema Ekisa, kwa kuwa kuonekana mbaya kwa ajili ya mtu ni kazi nzito kuliko kumfurahisha. Lakini mkono mzima na miguu mizuri vilikuwa vimekwisha kukatwa kwa kalamu ya kocha, siku ile, mbele ya macho ya watu. Kuna atakayeruka kusema Mukanda, kwa kuwa aliacha kitu alichokitafuta miaka kumi na mitatu. Lakini je, kusema ukweli kuhusu udanganyifu wako mwenyewe ni zawadi, au ni deni tu ulilokuwa nalo? Na Khaoya aliyekataa nyumba ya Eldoret, na Ekisa aliyefukuzwa kwenye timu, waliacha kidogo?

Wewe uliyekaa karibu na mlango, unayetikisa kichwa tangu nilipomtaja Ekisa, anza wewe. Gari linaondoka saa kumi, jezi iko mikononi mwako, na wote watatu wamekutazama. Je, wewe ungeamua vipi? Na ukishampa mmoja, utawaambia nini wale wawili?