Mtambuu wa Zizini

Mtambuu huvikwa miguu. Mmeusikia msemo huu jana mkutanoni, mwenyekiti alipoutoa watu wazima wakacheka na nyinyi mkabaki kutazamana. Leo mmekuja kuniuliza, na mmefanya vizuri kuja kwangu, maana wako watu hapa kijijini watakaowaeleza kwa kujiamini kabisa mambo ambayo hawakuyaona. Mimi niliyaona. Tena sehemu ya kosa ilikuwa yangu, na nitaisema ikifika. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Kaka yangu Athumani, ambaye hamkumkuta, alikuwa fundi seremala. Aliteremka Pangani kwa kazi ya kuezeka nyumba ya mtu, kazi ya miezi miwili ikamchukua minane, na aliporudi hapa Lushoto alirudi na mke. Jina lake Mwanakombo, binti wa Mzee Mwinyihaji. Alishuka garini amebeba sanduku mkono mmoja, na mkono wa pili amekumbatia debe lenye udongo na kijiti cha kijani kilichochomekwa katikati. Nilimpokea sanduku. Debe hakunipa.

Kijiti kile kilikuwa mtambuu. Nyinyi hamuujui, maana huku haupo. Ni mmea unaotambaa, majani yake mapana kama ya pilipili manga, na watu wa pwani hulitafuna jani lake pamoja na popoo, kokwa ngumu ya mti ufananao na mnazi, na chokaa, mate yakawa mekundu. Unapenda joto, unyevu na kivuli. Sasa mtu akuletee mmea kama huo huku kwetu, ambako kabichi zinastawi, pea zinastawi, na asubuhi ya kipupwe ukizungumza mdomo unatoa moshi.

Lakini Mwanakombo hakuuleta kwa kupenda mapambo. Nyumbani kwao walikuwa na desturi yao wenyewe. Binti akiolewa mbali, hukatiwa kipande cha mtambuu wa uani kwao, akakipande aendako. Mwaka ukitimia baba humfuata kumjulia hali, na binti humpokea kwa tambuu aliyoichuma kwenye mtambuu huo. Majani yakiwepo, baba hutafuna, huaga, hurudi zake. Yasipokuwepo haulizi mengi. Humwambia binti afunge vitu vyake warudi pamoja, akapumzike nyumbani mpaka mume aende kujieleza. Waliamini kwamba mtambuu hauoti mahali ambapo aliyeupanda hana raha. Dada yake mkubwa alirudishwa hivyo kutoka Singida, mume akachelewa kwenda kujieleza, na ndoa ikaishia hapo.

Kwa hiyo tulijua. Mwanakombo alitueleza wiki ya kwanza tu, huku anacheka, kwa sababu ilikuwa mwezi wa kumi na jua lilikuwa linawaka. Mtambuu ukaota vizuri. Kufikia mwezi wa tatu ulikuwa umeshika kamba na kufika dirishani, na Athumani alikuwa akiwaonyesha wageni kana kwamba ameuzaa yeye.

Mama yetu, Bibi Zena, alimpenda sana mkaza mwana wake, na alimpenda kwa namna yake. Alimpa chumba cha mbele, ambacho Athumani alikuwa ametoka kukitia sakafu ya saruji, sakafu ya kwanza katika ukoo wetu, na debe la mtambuu likakaa humo juu ya saruji, chini ya dirisha. Alimpa mablanketi mawili. Athumani akamnunulia sweta, mimi nikamfumia kofia ya sufu. Tena Mama akatoa amri kwamba Mwanakombo asitie mguu zizini. "Mtoto katoka kwenye minazi," alisema, "hatukumwoa aje abebe samadi." Kazi ya zizi ikabaki yangu. Mwanakombo akawa anakaa chumba cha mbele, amevaa sweta na kofia, miguuni kandambili, anapikiwa chai. Tuliona tumemfanyia heshima kubwa.

Mvua za masika zilipokwisha, baridi ikaingia, na mtambuu ukaanza kuumwa. Majani yalipata weusi pembeni, yakawa manjano, yakadondoka moja moja. Mwanakombo akaufunika kanga. Mama akaongeza gunia juu ya kanga. Athumani akaleta blanketi lake mwenyewe, akalala bila blanketi siku tatu, akapata kikohozi. Mmea ulikuwa umefungwa pote ukabaki kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na bado majani yalidondoka humo humo ndani ya nguo.

Kwao Pangani mtambuu humwagiliwa asubuhi na jioni, na Mwanakombo hakuwa tayari kuacha hata siku moja, maana aliona ndiyo kazi pekee aliyobakiziwa. Maji yenyewe ni ya mfereji wetu yatokayo msituni, ambayo ukiyanywa meno yanauma. Sasa lile kosa langu ni hili. Nilimwonea huruma wifi yangu, na kila alfajiri kabla ya kwenda zizini nilikuwa ninapita dirishani na kuumwagilia mtambuu kopo moja la ziada, kimyakimya, nikidhani ninatenda wema. Mmea wa Pangani ulikuwa unanyweshwa maji yale mara tatu kwa siku.

Mwezi wa saba ulipoingia yalikuwa yamebaki majani mawili. Barua ya Mzee Mwinyihaji nayo ikafika: atakuja mwezi wa kumi, kama ilivyo ada. Mwanakombo aliisoma, akaikunja, akaenda chumbani. Nilipomfuata nilimkuta anapanga nguo zake sandukuni.

"Wifi, mbona unafunga mapema hivi?"

"Nataka nizoee," alinijibu.

Nilicheka, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Nilitoka nikaenda kukaa jikoni peke yangu na nikalia. Nilikuwa nimempenda. Ndani ya nyumba ile alikuwa mtu pekee niliyeweza kumwambia mambo yangu.

Wiki ile nikashikwa na homa. Athumani alikuwa kazini, Mama alikuwa ameshuka gulioni, na ng'ombe hawajui kwamba mtu anaumwa. Mama aliporudi, jua likiwa limeshapanda, alinikuta nimelala, akaenda chumba cha mbele akakuta hakuna mtu. Sanduku lilikuwa limefungwa kamba. Nilimsikia akiita, mara mbili, tatu, na sauti yake ilikuwa inapanda. Alidhani mtoto wa watu ametoroka. Alizunguka nyumba nzima akiwa bado na kikapu kichwani, na mwisho akachungulia zizini; ya humo alinisimulia mwenyewe baadaye.

Mwanakombo alikuwa amesimama katikati ya lundo la samadi mbichi, kanga ameipandisha magotini, miguu imezama mpaka vifundoni. Koleo limeegemea ukuta. Macho ameyafumba.

"Mwanangu," Mama alisema, "unafanya nini humo?"

"Nisamehe, Mama. Wifi anaumwa, nikaona nitoe samadi. Nilipokanyaga hapa nikashindwa kutoka."

"Umeumia?"

"Sikuumia. Pana joto." Akafumbua macho. "Tangu mwezi wa tano miguu yangu haijapata joto. Ile sakafu, Mama, baridi inatokea chini."

Sasa nyinyi mnacheka, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyechunga ng'ombe ambaye hajafanya hivyo. Asubuhi ya kipupwe ng'ombe akinya, mnagombania kwenda kusimama hapo. Sisi sote tuliijua siri hiyo tangu utotoni, na hakuna aliyefikiri kumwambia mgeni.

"Sisi tumekazana kukuongezea kofia," Mama alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Mlinipa kila kitu. Ningeanzaje kusema? Na huku zizini mlinikataza."

"Nilikukataza kwa heshima."

"Najua, Mama. Lakini miezi tisa nimekaa mgeni. Nimechoka kuwa mgeni."

Mama alitua kikapu. Alimshika mkono akamtoa, wakaja moja kwa moja chumba cha mbele, miguu ya Mwanakombo ikiacha alama za samadi juu ya saruji ya Athumani. Nikaitwa kutoka kitandani. Mama alifungua lile blanketi, gunia na kanga, akatia kidole kwenye udongo wa debe, akaniambia na mimi nitie. Udongo ulikuwa baridi kama chura, na umelowa chepechepe.

"Nani anaumwagilia?" Mama aliuliza.

"Mimi," Mwanakombo alisema. "Asubuhi na jioni."

Walinitazama. Homa ilinisaidia kuwa mkweli. "Na mimi alfajiri," nilisema.

Mama alibaki ameuangalia ule mmea, kisha miguu ya mkaza mwana wake, kisha akakaa kitandani. "Huyu tumemvika kichwa," alisema. "Na huyu tumemvika kichwa. Wote wawili baridi inawaingilia miguuni."

Athumani aliporudi jioni alikuta blanketi lake limerudishwa kitandani, akadhani mtambuu umekufa. Mama akampa jembe, akamwambia akachimbe shimo katikati ya lundo la samadi, upande ule wa zizi unaopata jua.

"Shimo la nini, Mama?"

"La debe."

"Mmea tuutie kwenye kinyesi?"

"Si mmea, ni debe. Mtambuu huvikwa miguu," Mama alisema. "Kachimbe."

Hivyo ndivyo ulivyosemwa mara ya kwanza, na mtu mwenye haraka, kwa mwanawe mbishi. Athumani alichimba. Debe likatiwa shimoni, samadi mbichi ikalizunguka mpaka karibu na mdomo, ila hatukuiacha ifike kwenye shina, maana huunguza. Kila siku tatu Mwanakombo aliitoa iliyopoa akatia mpya. Maji akawa anayaweka kwanza karibu na jiko, na anamwagilia udongo ukikauka tu. Kazi ile alikuwa hataki mtu amsaidie. Athumani akamnunulia mabuti ya mpira, na kuanzia siku hiyo zizi likawa letu wawili. Alijifunza kukamua. Alipigwa teke mara moja, akamtukana ng'ombe kwa Kiswahili cha Pangani, na Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Msidhani mambo yaligeuka siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza jani moja lilidondoka. Likabaki moja. Mimi nilikata tamaa, ila nilinyamaza, nilikuwa nimeshafanya ya kutosha. Siku ya kumi na tatu, nikiwa ninakamua, nilimsikia Mwanakombo ananiita kwa sauti ndogo sana. Kwenye pingili ya chini kulikuwa na kichipukizi, hakizidi punje ya mchele. Tulichuchumaa pale tukakitazama mpaka maziwa yakapoa ndooni.

Mzee Mwinyihaji alifika mwezi wa kumi, katika gari dogo la mpwa wake. Walikuwa watatu na gari lina nafasi ya wanne, na sote tuliona ile nafasi tupu na tukajua ni ya nani. Alikuwa mzee mrefu, kanzu nyeupe, mtu wa maneno machache. Alisalimiwa, akakaa, akakataa chai.

"Chai baadaye," alisema.

Mwanakombo aliingia na kisahani. Juu yake majani matano, popoo iliyokatwa na chokaa kidogo. Mzee akachukua jani moja, akaligeuzageuza. Lilikuwa dogo, nene, limekoza rangi.

"Haya umeyanunua Tanga," alisema.

"Sikununua, Baba."

"Mtambuu uko wapi? Nimeingia, sikuona mti ulioparamiwa wala chanja."

"Uko zizini."

Hapo sote tulitazama chini. Athumani alianza kusema jambo, Mama akamkanyaga. Mzee alisimama, akaikusanya kanzu yake mpaka magotini, akamwambia binti yake atangulie na kile kisahani. Tulifuata nyuma kama watu wanaokwenda kusikiliza hukumu.

Aliinama penye debe. Alilishika shina, akahesabu majani yaliyobaki, akauangalia ule mtambuu ulivyoparamia nguzo ya zizi kuelekea jua. Kisha akaweka kiganja juu ya samadi, akakiacha hapo kwa muda. Alipoinuka aliitazama miguu ya bintiye ndani ya mabuti, na mikono yake iliyopata sugu.

"Nani aliyekufundisha hivi?"

"Nilisikia baridi, Baba, nikaja kusimama hapa. Mama akaelewa."

"Wanakupa kazi?"

"Naifanya. Ni ng'ombe wangu pia."

Mzee alikipokea kile kisahani. Alilipaka lile jani chokaa, akatia popoo, akalikunja, akatafuna pale pale kati ya ng'ombe wawili, taratibu, bila kumtazama mtu. Nilihesabu mpaka arobaini. Mwisho akatema mate mekundu pembeni.

"Kali," alisema. "Ya nyumbani haifiki."

Athumani alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama alisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Mimi mpaka leo sijapata kufurahi kumwona mtu anatema mate kama nilivyofurahi siku ile. Mwanakombo alimshika baba yake mkono akaubusu, na chai sasa ikanywewa, tena vikombe viwili viwili, huku Mama akimsimulia mgeni habari ya debe na ule msemo wake.

Walipoondoka, ile nafasi tupu tuliijaza kabichi, karoti na kapu la pea. Baadaye Mwanakombo alipata barua ya mama yake, akatusomea. Mama yule alikuwa amesimama mlangoni kungoja, akafungua mlango wa gari, akamuuliza mumewe mtoto yuko wapi na mboga zote hizi za nini. Mzee Mwinyihaji akashuka, akampa kabichi moja mkononi, akamwambia asiwe na wasiwasi, mtoto amefika kwa watu wanaojua kwamba mtambuu huvikwa miguu.