Ngiri wa Shanta na Siku ya Tatu

Paukwa!

– Pakawa!

Shanta liko wapi?

– Liko mgongoni!

Na mwenye shanta yuko wapi?

– Yuko njiani!

Na nyumbani kabaki nani?

– Mama na jembe!

Basi sogeeni. Mwenye mtoto ampakate.

Siku hiyo walikuwepo hawa: Bi Ngiri, mama mtu mzima; Ngiri, mwanawe wa pekee, aliyerudi kutoka ng'ambo; Nguchiro, jirani yao, na watoto wake wanne; na Mzee Kobe, anayepiga ngoma kila jua linapozama ili watu wajue siku mpya imeingia. Mwingine akikwambia naye alikuwepo, muulize karanga zilikuwa kwenye nini. Asipojua, alikuwa kwake.

Ngiri alikuwa mkubwa, shingo nene, pembe nne mdomoni. Angetaka, angelima shamba la mama yake kwa siku tatu. Lakini Ngiri alinunua shanta. Akalitia mgongoni, akaenda kuona dunia.

Akaenda, akaenda, akaenda. Akarudi. Puu! Akatua shanta, akala kunde za mama yake zote, akaenda tena.

Akaenda, akaenda, akaenda. Akarudi. Puu! Akatua shanta, akala viazi vya mama yake vyote, akaenda tena.

Na zawadi je? Alileta. Safari ya kwanza alimletea mama yake jiwe la mlimani. Safari ya pili, kipande cha sabuni ya nyumba ya wageni, kimeshatumika kidogo. Bi Ngiri aliviweka vyote juu ya kabati, akavifuta vumbi kila Ijumaa.

Mama akitoka kisimani na ndoo kichwani, Ngiri alirukia kamera.

"Simama hapo hapo, mama! Usitue! Usicheke! Inapendeza hivyo hivyo!"

Kacha! Mama akasimama na ndoo yake mpaka picha ikaisha.

Kulala, Ngiri alilala kitandani, mama akalala mkekani. Na kila alipofungua kinywa, lilitoka neno moja: "Kwa wenzetu..." Kwa wenzetu chai haina majani. Kwa wenzetu mbu hawaumi.

Dunia ilimsahaulisha mengi, lakini methali moja hakuisahau: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo alifika alasiri ya leo, na kesho yake, kabla jua halijazama, shanta lilikuwa mgongoni.

"Naheshimu mila, mama," alisema. "Siku mbili zimetosha."

Mama akabaki na shamba lake na mgongo wake.

Safari ya tatu, Ngiri alifika Jumatatu alasiri. Puu! Akala mihogo yote. Jumanne, mawingu yakaanza kujikusanya, shamba bado pori, na goti la Bi Ngiri limevimba kama boga. Ndani kulibaki kibuyu kimoja tu cha karanga. Karanga za mbegu.

Nguchiro alikuja kama kila siku kumtoa Bi Ngiri kupe masikioni. Hakuna aliyemtuma. Bi Ngiri naye humwangalizia watoto anapokwenda kutafuta wadudu, na hakuna aliyemtuma. Nguchiro akamkuta na kibuyu mkononi na kikaango jikoni.

"Mama, hizo si mbegu?"

"Ni mbegu."

"Sasa ukizikaanga utapanda nini?"

"Sijui, mwanangu. Lakini mgeni hatoki kwangu tumbo tupu. Mgeni ni mgeni, hata kama nimemzaa mwenyewe."

Kumpokonya mama kibuyu ni aibu. Kumwacha azikaange ni njaa. Nguchiro akafikiri, akafikiri, akasema, "Basi mama, ngoja nikuletee kuni."

Akamletea kuni. Kuni mbichi, zinachuruzika maji.

Fuu! Bi Ngiri akapuliza. Moshi. Fuu! Moshi.

Nguchiro akatoka uani na watoto wake wanne, akaketi mbele ya Ngiri.

"Kaka Ngiri, watoto wanataka kusikia safari zako."

Jamani! Tangu Ngiri anunue shanta, hakuna aliyewahi kumwuliza. Masharubu yalimsimama kwa raha.

"Nilianza na nchi ya barafu," alisema. "Nikalala kwa watu, wakanilisha."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda nchi ya milima. Nikalala kwa watu, wakanilisha."

"Halafu?"

"Bibi mmoja akanipa supu yake yote."

"Masikini! Nawe ukamsaidia nini?"

"Nilimpiga picha."

Mtoto mdogo wa Nguchiro akauliza, "Mama, huyu katembea kote huko, na kisima chetu hakijui?"

"Nyamaza. Anayesimulia hakatizwi. Halafu, kaka?"

Jua likashuka, likagusa kichuguu. Ngiri akaliona. Akatia mkono mmoja kwenye mkanda wa shanta.

"Niwahi. Mama! Karanga zangu za njiani?"

"Moshi tu, mwanangu! Fuu!"

Ngiri akaitazama njia. Akaunusa mlango wa jikoni. Akaitazama njia.

"Kaka," Nguchiro akasema kwa upole, "wewe umeona dunia, sisi hatujavuka hata mto. Eti kwa wenzetu siku mpya inaingia saa ngapi?"

Ngiri akacheka mpaka pembe zikagongana.

"Saa sita ya usiku, dada! Kila mstaarabu anajua."

"Ala! Na wewe unafuata saa ya huko au ya huku?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa dunia!"

"Basi karanga zina muda wa kuiva. Halafu, baada ya milima?"

Ngiri akautoa mkono kwenye mkanda. Puu! Shanta likarudi chini.

"Baada ya milima, jangwa. Nikalala kwa watu..."

Jua likazama nyuma ya kichuguu, chwi.

Ndi! Ndi! Ndi!

"Siku ya tatu imeingia!" akaita Mzee Kobe.

Ngiri akaruka. "Ya tatu wapi? Leo bado Jumanne!"

"Jumanne imezama na jua lake, mjukuu wangu," Mzee Kobe akasema, neno moja moja. "Mbona wewe mwenyewe ulizaliwa Jumanne jua limeshazama, na mama yako mpaka kesho anakuita mtoto wa Jumatano?"

"Lakini kwa wenzetu..."

"Wenzio ndio sisi."

Bi Ngiri akatoka jikoni, macho mekundu kwa moshi, kibuyu kimejaa vile vile.

"Samehe, mwanangu, moto umekataa. Sasa nitamlisha nini mgeni wangu?"

"Mama," Nguchiro akasema, "mgeni wako kaondoka na jua. Huyu aliyebaki ni mwanao."

Bi Ngiri akamtazama Ngiri, muda mrefu, kama aliyefika sasa hivi. Kisha akakiziba kibuyu.

Alfajiri akampa jembe. Ngiri alijaribu kuinama, akashindwa; shanta la miaka yote lilikwishamkaza mgongo. Akapiga magoti, akachimba kwa pembe, huku analia, "Kwa wenzetu! Kwa wenzetu!" Saa nne mama akamletea shambani uji wa unga wa kukopa. Akachana kanga yake ya zamani, akamfunga magoti yasichubuke. Ngiri akanywa uji, akamwangalia mama anavyorudi akichechemea, na kwa mara ya kwanza hakutafuta kamera. Mpaka leo ngiri huchimba kwa magoti. Mkimwona, msimcheke sana.

Ngano yangu nimeifunga kwenye pindo la kanga, atakayeifungua asimwage.

Funzo? Lipo. Kusafiri ni kuzuri mno, wanangu: tembeeni dunia nzima, mle kwa kila mama, mradi mkirudi kwenu muwahi kuondoka kabla jua halijazama. Na nyie wazazi, mtoto akitoka safari msimwulize habari za huko. Mtamchelewesha.

Mvua ilinyesha Ijumaa, ikazikuta karanga ardhini.