Mishono ya Nguo ya Mama Abla

Sogeeni, wajukuu, mguse nguo hii niliyojifunga. Mnaiona mishono yake? Zamani, huko magharibi kando ya mto Volta, nguo haikuwa na mshono hata mmoja. Mfumaji alifuma kitambaa kipana cha kumfunika mtu mzima, na kazi hiyo ilimla msimu mzima.

Fundi aliyewapita wote aliitwa Agbeko. Hakumruhusu mtu kugusa nyuzi zake, hata jirani yake Kodzo, mfumaji mwenzake. Kila alipomwanzia mama yake nguo, alitokea bwana harusi au chifu mwenye haraka, na nguo ikaenda huko. "Mpe tu, mwanangu," Mama Abla alikuwa akimwambia. "Mimi nipo."

Asubuhi moja hakuwapo tena.

Ilikuwa lazima azikwe kabla ya jua kutua. Na aliyefika kwa wahenga bila nguo iliyofumwa kwa ajili yake hakutambuliwa. Angebaki mlangoni kama mgeni. Agbeko alizitazama nyuzi za mama yake zilizotandwa uani kwa urefu na upana wa nguo nzima, hazijaanza kufumwa. Akaketi kufuma, lakini kazi ya msimu mzima isingeisha siku moja. Akaangua kilio, fundi mzima.

Kodzo akaingia, na wafumaji wote wa kijiji nyuma yake.

"Ndugu yangu, tugawie nyuzi," alisema. "Huyu alitulisha sote."

Ilimuuma Agbeko kuliko kidonda. Hata hivyo alishika kisu, akazikata nyuzi zake nzuri ncha zote mbili, akampa kila mtu fungu la upana wa kiganja. Kila mmoja akaenda kufuma kwake, kwa rangi aliyokuwa nayo. Kodzo alitia vidoa vyekundu, kwa ajili ya pilipili aliyopakwa mdomoni na Mama Abla alipokuwa mtoto mtukutu. Mwingine alitia njano ya uji wa mahindi. Agbeko alifuma ukanda mweupe mtupu, kwa kuwa hakujua achague nini.

Jua likiinama, kanda zilishonwa pamoja. Agbeko alianza kutafuta makosa, kama kawaida yake, na makosa yalikuwa tele: hapakuwa na nakshi iliyolingana na ya ukanda wa pili. Kisha katika rangi zile za kila mtu akamwona mama yake, kamili kuliko alivyowahi kumwona. Akamfunika kwa nguo ile, naye akazikwa kabla ya jua kutua.

Na tangu siku hiyo, wafumaji wa kule hufuma kanda nyembamba, kisha huzishona pamoja ziwe nguo. Hata afumaye peke yake hukata nyuzi kwa upana wa kiganja, kana kwamba majirani wamesimama mlangoni wakingoja fungu lao.